Wachangiaji wamiliki maoni yao wenyewe: nianzie wapi kwenye WordPress?

AsaliYaMiombo, Tabora
Habari za kazi wakuu. Tovuti ya wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua ipo kwenye WordPress (programu ya kuendeshea tovuti). Watu huandika bei za asali na mahali walipotundika mizinga, wengi bila akaunti. Sasa wanataka kurekebisha, kufuta na kuchukua nakala ya walichoandika bila kumpigia simu msimamizi. Tatizo jingine, nikifuta maoni ya juu, majibu yaliyo chini yake yanavurugika.

FundiKanzidata
Mkuu, WordPress ikifuta kabisa maoni yenye majibu, majibu hayo hupanda ngazi moja, ndiyo maana yanaonekana kumjibu mtu mwingine. Usifute safu yenyewe, yaani mstari wa maoni hayo kwenye kanzidata (hifadhi ya data ya tovuti). Ondoa maandishi, jina, barua pepe na anwani ya IP, kisha acha kibao: "Mwandishi ameondoa maoni haya."

Kwa wasio na akaunti, kila maoni yanapopokelewa tengeneza ufunguo wa nasibu (herufi za kubahatisha zisizokisiwa) wa baiti 32 na umpe mwandishi ndani ya kiungo. Kwenye kanzidata hifadhi heshi yake ya SHA-256 tu (alama inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo, isiyoweza kurudishwa kuwa ufunguo), ili kanzidata ikivuja mwizi asipate funguo.

Hapa wengi huumia: kiungo kinachofuta papo hapo kinapofunguliwa. Mtu akijitumia kwa WhatsApp asikipoteze, programu hukitembelea ili kuonyesha hakikisho (picha na kichwa cha ukurasa), na maoni yanafutika kabla hajagusa kitu. Kiungo kifungue ukurasa wenye kitufe, na kitufe kitume ombi la POST, yaani ombi lisilotumwa kwa kufungua kiungo tu.

Namba ya simu peke yake isiwe uthibitisho. Laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa upya, na mnunuzi atarithi mamlaka juu ya maneno ya mtu asiyemjua.

Mwanakigoma_Ujiji
Naongezea. Tangu toleo 4.9.6 la Mei 2018, menyu ya Zana ina sehemu ya kuhamisha na ya kufuta taarifa binafsi. Unaingiza barua pepe, mwenyewe anathibitisha, anapata faili la zip. Kiungo chake huisha baada ya siku 3. Kwa nakala inatosha kabisa. Kwa kufuta haitoshi: inaondoa jina na barua pepe, maandishi yanabaki. Aliyeandika "mizinga yangu 40 iko nyuma ya zahanati" kijiji kizima bado kinamjua.

Usisahau bekapu (nakala za akiba za tovuti). Tunza orodha ya namba za maoni yaliyofutwa nje ya kanzidata, na ukirejesha bekapu itumie kwanza kuyafuta tena maoni hayo kabla ya kufungua tovuti. Bila hivyo yaliyofutwa yanafufuka.

SheriaNaMtandao
Masharti yasiseme "maoni yote ni mali ya tovuti". Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, andiko asilia ni la mwandishi bila kusajili popote. Omba ruhusa ya kuchapisha tu, nayo ikome anapofuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, pia inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe.

AsaliYaMiombo, Tabora
Asanteni sana. Na mtu akibadilisha bei baada ya wengine kumjibu?

FundiKanzidata
Mpe dakika 15 za kuhariri bila alama. Baada ya hapo onyesha "imehaririwa" pamoja na saa, ili aliyejibu bei ya zamani asionekane mwongo. Toleo la awali lifiche siku 30 kwa ajili ya migogoro, halafu lifutwe. Akifuta maoni yote, matoleo yote yaondoke siku hiyo hiyo.