Msaada: Kuchuja logi za Android kwa tegi kwenye terminali

mwanakodi_mpya
Habari wakuu. Natengeneza programu ya Android na kuijaribu kwenye simu niliyoichomeka kwa kebo. Kompyuta yangu ina memori ndogo, Android Studio ikifunguka kila kitu kinaganda, kwa hiyo nataka kusoma logi (ujumbe unaoandikwa na programu na mfumo) kwenye terminali tu, kwa kutumia adb, chombo cha kuongea na simu kutoka kwenye kompyuta. Shida ni kwamba nikiandika `adb logcat` yanamwagika mambo ya simu nzima: Wi-Fi, betri, kamera. Logi zangu nimezipa tegi (lebo) moja, `Malipo`. Nimejaribu hivi:

`adb logcat Malipo:D`

Hakuna kilichopungua. Nikahamia `adb logcat | grep Malipo`. Hiyo inachuja, ila programu ikianguka sioni sababu yoyote, logi zinakatika tu. Siku ya pili hii nimekwama. Nisaidieni.

fundi_amri
Mkuu, amri yako ya kwanza haina kosa, imeishia njiani tu. `Malipo:D` maana yake tegi ya Malipo ipite kuanzia ngazi ya D. Tegi nyingine hujazisemea chochote, basi zinaendelea kupita. Zinyamazishe:

`adb logcat Malipo:D *:S`

Ngazi za uzito wa ujumbe zinapanda hivi: V (verbose), D (debug), I (info), W (warning), E (error), F (fatal). Ukitaja moja unapata hiyo na zilizo juu yake. S (silent) ndiyo kimya kabisa, na nyota ni tegi zote zilizobaki. Kwa mkato: `adb logcat -s Malipo`.

mwanakodi_mpya
Asante mkuu. Ya mkato imekubali. Ile ndefu inaniletea `zsh: no matches found: *:S`.

fundi_amri
Kosa langu, mimi natumia bash, wewe zsh; zote ni programu zinazosoma amri kwenye terminali. Zsh ikiona nyota inadhani unatafuta majina ya faili. Ifunge kwa alama za nukuu: `'*:S'`. Hata kwenye bash ni salama zaidi kuandika hivyo.

dada_wa_kodi
Jamani, hilo la programu kuanguka bado halijajibiwa, na ndilo linalomtesa. Mdogo wangu, programu ya Java au Kotlin ikianguka, kinachoandika sababu si kodi yako. Ni mfumo wenyewe, kwa tegi ya `AndroidRuntime`, ngazi ya E. Grep ya Malipo inaitupa, na `-s Malipo` inaitupa vilevile. Nimewahi kupoteza usiku mzima kwa jambo hilihili, ndiyo maana naliandika kwa msisitizo. Iruhusu ipite:

`adb logcat Malipo:D AndroidRuntime:E '*:S'`

Kama una sehemu ya C++, ongeza `libc:F DEBUG:F`, tegi ambazo kuanguka kwa sehemu hiyo huandikwa. Na kama imeshaanguka hukuwa unaangalia, `adb logcat -b crash -d` inakutolea kumbukumbu za kuanguka kisha inarudi kwenye terminali.

mzee_wa_logi
Nakubaliana na dada, lakini mimi tegi nimeziacha siku nyingi. Maktaba unazotumia zina tegi zao, na kichujio hakikubali nyota katikati ya jina, `Mali*` haitafanya kazi. Ninachuja kwa namba ya mchakato:

`adb logcat --pid=$(adb shell pidof -s jina.la.pakeji)`

Inahitaji Android 7 kwenda juu, na programu iwe inaendeshwa wakati unaandika amri.

dada_wa_kodi
Mzee, shikamoo. Kwa kusoma maktaba nakubali. Kwa mtu anayefukuza programu inayoanguka kila mara, namba hiyo inabadilika kila ikiwashwa upya, na terminali inabaki inasubiri mchakato uliokwisha kufa. Kwake yeye tegi ni bora.

mzee_wa_logi
Marahaba. Hapo umesema kweli.

mwanakodi_mpya
Nimeipata! `NullPointerException` (kodi inatumia kitu ambacho bado ni tupu), na mstari wa kodi yangu umetajwa palepale chini ya AndroidRuntime. Kitufe kinabonyezwa kabla jibu la seva halijafika. Asanteni sana. Moja la mwisho: nikichomeka simu ya pili adb inalalamika kwamba kuna vifaa zaidi ya kimoja.

fundi_amri
Taja kifaa kwa namba unayoiona kwenye `adb devices`:

`adb -s NAMBA logcat -s Malipo AndroidRuntime:E`

Hizo `-s` mbili hazihusiani. Iliyo kabla ya neno logcat inachagua simu, iliyo baada yake inanyamazisha tegi nyingine. Na kabla ya kila jaribio piga `adb logcat -c` ili usisome makosa ya jana.