Farasi, nyumbu au ngamia: yupi anaendesheka vizuri kwenye Minecraft survival?

bonde_kuu
Wakuu habari zenu. Nina tandiko moja tu na vipande 64 vya dhahabu. Farasi niliye naye ni mzito, vilimani anasuasua, na mara nyingine ananirudisha nyuma ghafla kama amefungwa kamba. Wikiendi hii nataka niamue: nizalishe farasi bora, nitafute nyumbu, au nihamie kwa ngamia? Yupi anatulia mkononi?

Kitalu64
Mkuu, bado hujatupa cha kushika. Java au Bedrock (mchezo una aina hizi mbili)? Toleo gani? Unacheza peke yako au kwenye seva? Njia ina urefu gani na inapita wapi? Na huyo farasi umempima, au "mzito" ni kwa macho tu?

ngamia_kwanza
Wakati tunasubiri majibu: chukua ngamia. Anapanda kimo cha kitalu (mchemraba wa mchezo) kimoja na nusu bila kuruka, kwa hiyo uzio wa kawaida anaukanyaga na kuendelea. Mnakaa wawili, na mgongo uko juu kiasi kwamba zombi hakufikii kwa mkono. Chakula chake ni kaktasi, dhahabu yako inabaki.

bonde_kuu
Samahani wakuu. Java 1.20.1, seva ya Paper (programu ya kuendeshea seva), tuko saba. Njia ni vitalu kama 1,400 kutoka kijijini hadi ngome yetu: tambarare, halafu msitu mnene, halafu kinamasi chenye mto. Sijampima.

Kitalu64
Basi mpime kwanza. Tandika njia iliyonyooka ya vitalu 100, anza kukimbia kabla ya mstari, shika saa. Farasi wa juu kabisa anaimaliza kwa sekunde 7, wa chini kabisa kwa 21. Kama una ruhusa ya amri, simama karibu naye uandike:

`/attribute @e[type=horse,limit=1,sort=nearest] generic.movement_speed get`

Namba itatoka kati ya 0.1125 na 0.3375. Zidisha kwa 42.16, unapata vitalu kwa sekunde. Kwa nguvu ya kuruka weka `horse.jump_strength`, inaanzia 0.4 hadi 1.0. Akiwa chini ya 0.2 kwenye kasi, usihangaike naye, huyo hatengenezeki.

mzalishaji_
Nyongeza kuhusu kuruka, maana wengi wanamlaumu mnyama bure. Kitufe cha kuruka kishikilie nusu sekunde tu, mpaka mstari wa nguvu ulio chini ya skrini ujae, kisha achia hapo hapo. Ukiendelea kukishika mstari unashuka hadi kama asilimia 80, na mruko unapoteza karibu robo ya nguvu. Pia usimwendeshe kwa vitufe vya pembeni: kwenda ubavu ni nusu ya kasi, kurudi nyuma ni robo. Geuza kichwa kwa mausi, kidole kibaki kwenye kitufe cha mbele. Vilima vya kitalu kimoja kimoja anavipanda mwenyewe bila kuruka.

Sasa dhahabu. Usitengeneze matofaa ya dhahabu ya kuzalishia! Tofaa moja linakula vipande 8, wazazi wawili wanahitaji mawili, kwa hiyo 64 zinakupa watoto wanne basi. Karoti ya dhahabu inakula punje 8 tu. Kipande kimoja ni punje 9, kwa hiyo unapata karoti 72, yaani watoto 36. Tangu 1.19.4 mtoto anazunguka wastani wa wazazi wake, juu au chini kidogo, havutwi tena na farasi wa tatu wa kubahatisha kama zamani. Weka wawili bora, kila kizazi badilisha aliye dhaifu. Wazazi wanapumzika dakika 5, mtoto anakua kwa dakika 20, sukari inapunguza sekunde 30 kila ukimlisha.

ngamia_kwanza
Watoto 36 kwa safari ya vitalu 1,400? Huo ni mradi wa ranchi sasa.

mzalishaji_
Ni mradi wa jioni mbili. Ngamia wako akitembea hafiki vitalu 4 kwa sekunde, akikimbia ni kama 8. Na ule mchupo wake (mruko wa ghafla wa kwenda mbele) ukiutumia tambarare unajichelewesha: baada ya kuchupa kuna tiki 55, karibu sekunde tatu, ambazo hawezi kukimbia. Watu wanabonyeza kila mara wakidhani wanaongeza kasi. Uhifadhi kwa mabonde na mifereji.

lindo_la_seva
Wote mmeruka jambo kubwa. Kurudishwa nyuma siyo kosa la mnyama. Kwenye Java kompyuta yako ndiyo inayomwendesha farasi, seva inakagua tu. Ukaguzi ukikataa, inakurudisha. Fungua logi ya seva utafute "moved wrongly" au "moved too quickly" penye jina lako. Ukiikuta, kwenye spigot.yml kuna `moved-wrongly-threshold` (0.0625) na `moved-too-quickly-multiplier` (10.0). Msizipandishe ovyo, zinalinda dhidi ya wadanganyifu.

Logi ikiwa safi, tatizo ni chanki, yaani vipande vya ramani vya vitalu 16 kwa 16. Farasi wa kasi anavuka chanki nzima kwa sekunde moja na kidogo. Kama umbali wa kuona ni chanki 5, mbele yako kuna vitalu 80, unavimaliza kwa sekunde sita. Seva isipowahi kuzizalisha, unagonga ukuta usioonekana. Weka Chunky (programu-jalizi ya kuzalisha chanki mapema), `/chunky radius 1500`, kisha `/chunky start`, usiku watu wakiwa wamelala.

Na mzalishaji_, hao 36 usiwarundike. Kwenye seva moja farasi zaidi ya thelathini waliwekwa kwenye zizi la vitalu 2 kwa 2. Sheria ya `maxEntityCramming` ni 24: wakizidi hapo wanaobanana wanaanza kuumia. Watoto walipokuwa wadogo hapakuwa na shida, wakakua wote karibu wakati mmoja, vifo vikaanza. Farasi bora hakuwa na kibandiko cha jina, kwa hiyo hata kujua kama amekufa ilibidi kuwapima waliobaki mmoja mmoja. Zizi liwe 8 kwa 8, wabaya waondolewe kila kizazi, na bora apewe jina siku ile ile.

barafu_tupu
Kwa nini msichimbe njia Nether, ule ulimwengu mwingine wa mchezo? Vitalu 1,400 huku ni 175 kule. Boti juu ya barafu ngumu inakwenda vitalu 40 kwa sekunde, chini ya sekunde tano umefika.

mzalishaji_
Barafu ngumu 175 ni barafu za kawaida 1,575. Na ameuliza wanyama.

barafu_tupu
Sururu yenye Silk Touch (uchawi wa kutoa kitalu kikiwa kizima) inachimba barafu ngumu yenyewe kwenye vilele vya barafu. Hakuna haja ya kuunganisha tisa tisa.

Kitalu64
Turudi kwenye njia. Msitu mnene ndio utakaomtesa, awe farasi au ngamia. Farasi ana upana wa karibu kitalu kimoja na nusu, kwenye pengo la kitalu kimoja hapiti. Kichwa chako kikiingia kwenye kitalu kigumu unaanza kukosa hewa. Fyeka upana wa 3 na kimo cha 4. Mtoni jenga daraja la upana wa 3, maana toleo lako farasi akizama kwenye maji ya kina anakuangusha.

punda_mzigo
Na mizigo je? Nyumbu ana nafasi 15 ukimwekea sanduku. Punda pia, na wa porini wote kasi yao ni moja, vitalu 7.4 hivi kwa sekunde.

bonde_kuu
Nimempima: sekunde 13.2. Logi haina kitu, umbali wa kuona ulikuwa 4. Chunky inaendelea sasa, imefika asilimia 31. Punda ninaye mmoja kijijini. Ila tandiko la pili nalipata wapi, fundi ngozi wetu bado ni wa daraja la kwanza?

punda_mzigo
Akifika daraja la mwisho analiuza kwa zumaridi 6. Mpelekee ngozi kila siku apande daraja, au chukua ndoano uanze kuvua tandiko majini.

ngamia_kwanza
13.2 ni vitalu 7.6. Ngamia bado anampita huyo.