Mnaokesha kazini Kigoma na Tabora, usingizi mnaupata saa ngapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, pale Kibirizi kumezuka ubishi kwamba kukesha kunaleta kansa. Si uzushi mtupu. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, iliiweka kazi ya zamu za usiku kundi la 2A, yaani "huenda inasababisha saratani", mwaka 2007, ikarudia hivyo 2019. Zinazotajwa zaidi ni za matiti, tezi dume na utumbo mpana. Ila kundi hilo linapima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Nyama nyekundu imo humo humo, na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 pia, nyie wa chai ya kuunguza. Wanaokesha leteni ya kwenu.

Mtu wa Ziwa: Dagaa hawavuliwi mchana, mkuu. Tunawavuta kwa taa, zamani karabai, sasa hizi za sola. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawaisogelei taa, tunapumzika, na hapo ndipo nalala kama binadamu. Siku nyingine ni kulala saa nne asubuhi chini ya bati linalowaka, watoto wanacheza dirishani. Sasa ile taa yenyewe ina shida gani?

Mleta mada: Gizani ubongo hutoa homoni ya melatonini, mwanga ukilipiga jicho inapungua. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kuzuia uvimbe usikue. Halafu saa ya mwili inavurugika, na hiyo ndiyo inayoongoza hata seli zigawanyike lini.

Sista Tabora: Mimi muuguzi. Kinachoniua si usiku, ni kubadilishwa: wiki hii usiku, ijayo asubuhi, mwili haujui ushike lipi. Chumbani nimetundika vitenge viwili kwenye dirisha, simu nje, na jirani anajua akipiga redio tutagombana. Wenzetu wa Marekani walifuatiliwa. Utafiti uliotoka 2001 ulikuta waliofanya zamu za kupokezana miaka 30 au zaidi hatari ya saratani ya matiti ni kubwa kwa 36%. Msisome kwamba wanaugua 36 katika kila 100! Ni nyongeza juu ya hatari waliyo nayo wengine. Na wa Uingereza, 2016, haukuona ongezeko. Kwetu inayoongoza kwa wanawake ni ya mlango wa kizazi, inayotokana na kirusi cha HPV, siyo zamu. Mabinti wapelekwe chanjo, na sisi tukapimwe.

Mlinzi Mwanga: Mimi lindo nalala, kwa hiyo sina kansa 😂

Mama Chai Stesheni: Treni ikichelewa nakesha na birika hadi alfajiri, na nikifika nyumbani ni kufua. Pazia nitaweka, lakini nani atalala mchana na wajukuu wako macho?

Sista Tabora: Mama, hata saa mbili tatu za mfululizo, mtu mzima akiwashika watoto. Na ukiona uvimbe kwenye titi usisubiri uanze kuuma, njoo.

Mtu wa Ziwa: Nasikia Denmark waliugua matiti baada ya zamu za miaka mingi wakalipwa fidia?

Mleta mada: Kweli, baadhi ya wanawake walilipwa.

Mlinzi Mwanga: Sisi tunapewa betri za tochi.