Behewa namba 12 limefungwa magurudumu ya SGR, halafu mimi ndiye naambiwa nina kisirani

Stesheni_Masta:
Wakuu, nimetoka kwa fundi wa mabehewa ya mfano sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina sitaji, wote mnamjua. Yule yule wa "mali ikishatoka hairudi".

Niliagiza behewa namba 12, lile la makumbusho ya reli Nairobi, ambamo simba alimchukua Ryall, yule afisa wa polisi, pale Kima mwaka 1900. Kipimo 1:87, yaani dogo mara 87 kuliko lenyewe. Kanipa kiberiti chenye magurudumu. Napima upana wa njia, milimita 16.5. Zidisheni kwa 87 muone: 1435. Hiyo SGR! Reli ya Uganda ilikuwa ya mita moja, ilitakiwa 11.5. Hata angeweka milimita 12 kama wenzake wote ningenyamaza. Ryall kafa 1900, Madaraka Express, treni ya SGR, imeanza 2017, jamaa kawapandisha pamoja.

Namwonyesha rula, ananijibu: "Kwani mzee unasafiri nalo?" Mbele ya wateja!

Mlango sasa. Ule wenyewe ni wa kusukuma pembeni. Simba alipoingia behewa likainama, mlango ukajifunga, ndiyo maana akatokea dirishani na mtu mdomoni. Huyu kaweka bawaba, na dirisha lake paka hapiti. Nauliza, simba alitokea wapi? "Kwani mzee unasafiri nalo?" Tena! Na dogo wake wa msasa anacheka mpaka anakaa chini.

Rangi sizungumzii, presha itapanda. Mimi naambiwa "unasafiri nalo". Mimi!

Kiberenge:
Mkuu, lakini si unasafiri nalo?

Stesheni_Masta:
Umetumwa wewe.

Mlasamaki:
Hapo simba ndiye mwenye haki ya kulalamika.

Mtu_wa_Mbeya:
Afadhali yako. Mimi niliagiza la TAZARA, njia yake ni milimita 1067, nikafungiwa hiyo hiyo 16.5. Ubavuni kaandika TAZALA.

Kiberenge:
TAZALA 😂😂 huyo fundi apewe maua yake

Stesheni_Masta:
Tusitoke kwenye mada. Dirisha HALIPITISHI SIMBA.

Bi_Nyonyo:
Mafundi wote ndugu moja. Wangu alipima kabati kwa shibiri zake, mlango ukifunguka unagonga kitanda. Navaa nikiwa koridoni.

Shemeji_wa_Taifa:
Kabati tu? Dada yangu gauni la sendofu lililetwa ukumbini MC ameshashika maiki. Mkono mmoja mrefu.

Mlasamaki:
Mafundi cherehani wafunguliwe uzi wao.

Bi_Nyonyo:
Wa nini, si huu hapa? Mimi kitenge changu cha ndege kakikata juu chini. Ndege wote miguu juu.

Stesheni_Masta:
Wakuu, behewa.

Shemeji_wa_Taifa:
Mkuu sogea kidogo. Enhe Bi Nyonyo, na hela ulimlipa?