Naomba ushauri: matembezi ya siku moja kwa chombo cha majini, kikundi cha watu 28 kutoka Moshi

Katibu wa Kikoba
Habari zenu ndugu wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Moshi. Mwaka huu, baada ya kugawana akiba, wanachama wameamua kwamba badala ya kula pilau ukumbini kama ilivyo desturi yetu, tutoke siku moja tukatembee majini. Wengi wameona picha za miji ya mbali ambako wageni huketi ndani ya boti na kushuka na mto huku wakielezwa wanayoyaona, nao wanataka kitu cha namna hiyo. Karibu wote ni akina mama, na mkubwa wetu, ambaye amevuka miaka 70, hajawahi kupanda hata mtumbwi. Wazo lililopo mezani ni kukodi boti za wavuvi katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa kuwa mwenzetu mmoja ana ndugu kule. Je, kuna mto unaofaa huku kwetu, au tutafute ziwa?

Mwana wa Bwawani
Mkuu, mto wa kushuka na boti ya abiria huku hatuna. Mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia Nyumba ya Mungu, na mto Pangani hutoka hapo kuelekea baharini, lakini huko chini kuna maporomoko na mitambo ya kufua umeme. Wanaotaka boti ya mtoni huenda Wami, katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako ni rahisi kwa watu wa Dar es Salaam na Bagamoyo. Kwenu itakuwa safari ya kulala.

Ama boti za wavuvi, mimi nimekulia kando ya bwawa lile. Ni vyombo vya kubebea nyavu na samaki: havina viti, na mara nyingi kuna kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuchota maji kwa kopo na kuyamwaga nje njia nzima. Mamba na viboko wamo. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara mwaka 2018 kwa kuzidisha abiria, chombo kile kilikuwa kivuko rasmi; sembuse mtumbwi wa kuvulia. Mama yetu huyo msimpeleke huko.

Jirani wa Tengeru
Nendeni Duluti. Ukitoka Moshi unapita Usa River, kisha unaingia kushoto Tengeru. Ni ziwa la kasoko, yaani lililo ndani ya shimo la volkeno, dogo na la mviringo, limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mitumbwi yake ni ya kupiga kafi, hubeba watu wawili au watatu, kwa hiyo msitegemee kukaa wote pamoja mkisikiliza maelezo. Dawa yake ni kugawana: nusu waingie majini, nusu wazunguke ziwa kwa miguu kwenye njia ya msituni, kisha wabadilishane. Ingieni majini asubuhi kabla upepo haujaanza, kwani maji yakiwa yametulia utamwona mdiria akijirusha kama jiwe na kuibuka na samaki, na kenge akiota jua juu ya gogo lililolala majini. Epukeni Jumamosi, maana ni siku ya soko la Tengeru.

Katibu wa Kikoba
Asante sana, jirani. Wenzangu watasema kenge wanawaona hata nyumbani. Wanataka wanyama wakubwa. Maziwa ya Momella je?

Mzee wa Meru
Momella ni pazuri kuliko Duluti, hilo halina ubishi. Mnaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mnapiga kafi katika Momella Ndogo mkiwa na askari wa wanyamapori, nyati wako ufukweni na viboko majini, na asubuhi isiyo na mawingu mnauona Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Hata hivyo, kiingilio, gari na mtumbwi hulipiwa kila kimoja peke yake, na vitambulisho vya taifa ni lazima ili mtozwe kiwango cha Watanzania.

Jirani wa Tengeru
Mzee wangu, shikamoo. Sikatai uzuri wake, ila kule mama akichoka katikati ya ziwa hawezi kuteremka popote apendapo, na wanaosubiri zamu hawaruhusiwi kuzurura ufukweni palipo na nyati. Kwa watu 28 wasiojua kafi, nusu ya siku itaishia ndani ya gari.

Mzee wa Meru
Marahaba. Kwa hao, basi, Duluti. Momella waende vijana siku nyingine.

Katibu wa Kikoba
Nitapeleka Duluti kwenye kikao, siku ya katikati ya wiki. Wasiotaka kuingia majini watalipia mtumbwi?

Jirani wa Tengeru
Hapana, lakini orodhesheni mapema nani anapanda na nani anatembea, kabla hamjaomba namba ya malipo, maana kurekebisha hesabu baada ya kulipa ni usumbufu. Jaketi za kuokolea kila mmoja ajipime nchi kavu na kufunga mikanda yote; isiyomkaa abadilishiwe hapo hapo, na zikipungua, zamu ziongezwe.