Treetops ya Nyeri ihifadhiwe kwa kumbukumbu ya nani?

Likizuka suala la hoteli ya Treetops, maoni hugawanyika pande mbili. Wapo wanaotaka iendelee vilevile ilivyokuwa, kwa hoja kwamba jina la Malkia Elizabeth wa Uingereza ndilo lililoleta wageni. Wengine wanasema ni mabaki ya mkoloni, msitu uyameze. Mimi siko upande wowote kati ya hizo, na naomba tujadili.

Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan pale Nyeri, alijenga kibanda cha mbao juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, ili wageni wake wakeshe wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Mugumo! Mti ambao Wakikuyu waliuheshimu, wakaomba na kutoa sadaka chini yake. Kwa mwenyeji, historia ya pale inaanza na mti, kibanda kimekuja baadaye.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth alikuwa huko juu wakati babake, Mfalme George VI, alipofariki Uingereza, naye akawa Malkia. Kisa hicho dunia nzima inakijua. Lakini Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na 1954 Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wakakichoma kibanda kile. Jengo jipya, lile la nguzo, likasimamishwa 1957, mwaka uleule Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri na kiongozi wa Mau Mau, aliponyongwa katika gereza la Kamiti. Kwa nini nusu moja ya historia hii iwe ndiyo bidhaa, na nusu nyingine iwe tanbihi?

Korona ilipokausha utalii, hoteli ilifunga milango 2021. Mwaka uliofuata Malkia mwenyewe akafariki. Nani atasafiri kutoka mbali miaka ishirini ijayo kwa ajili ya usiku ule mmoja? Anayetaka Treetops iishi lazima ajibu hilo kwanza.

Najua wenye biashara watasema mtalii hatoi pesa zake kuja kusikia habari za vita. Si kweli, historia nayo huvuta watu. Hapo hapo Nyeri watu huja kutoka pande zote za dunia kuzuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Kaburi hilo linatunzwa vizuri, na sina ugomvi nalo. Kimathi alizikwa gerezani bila alama yoyote. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo napendekeza jengo libaki, ila moto wa 1954 usimuliwe humo kwa uzito uleule wa kisa cha Malkia, waongozaji watoke vijiji vinavyopakana na msitu, na mwanafunzi wa Nyeri aingie kwa ada ambayo mzazi wake anaiweza.

Mnaosema ibomolewe, mnataka watoto waonyeshwe nini pale? Na ikibaki, mwekezaji aachiwe peke yake aamue historia ipi isimuliwe, au kaunti na Makumbusho ya Taifa wawe na kauli?