Pakiti ya mia tano: inamsaidia mlalahoi au inamkamua?

Wadau, naomba tulichambue hili. Kila maisha yanapobana, sabuni ya unga, majani ya chai na dawa ya meno huanza kufungwa kwenye pakiti za mia mbili na mia tano, na matangazo yanatuambia mwananchi wa kawaida amekumbukwa. Wapo wanaouita msaada, wapo wanaouita wizi. Msimamo wangu: pakiti ndogo zibaki, lakini bei ya kilo au lita iandikwe juu yake kwa tarakimu zinazosomeka, na iwe lazima kisheria.

Hoja ya wauzaji ina uzito. Kibarua anayelipwa jioni, akishatoa nauli na deni la jana, lita ya mafuta haiwezi. Anapita kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, saa mbili usiku: "Nipe mafuta ya mia tano, sukari robo na kiberiti." Mangi anachota kwa kikombe, anamimina kwenye kimfuko, anapiga fundo. Nyumbani wamekula. Anayetaka biashara hiyo ifungwe hajawahi kuishi kwa hela ya siku.

Ila tupige hesabu. Tuseme lita ni shilingi 6,000, na kipimo cha mililita 50 ni 500. Vipimo 20 ndiyo lita, kwa hiyo 10,000. Mwenye hela kanunua kwa elfu sita, asiye nayo kwa elfu kumi! Sehemu ya tofauti hiyo ni halali, maana kufunga vidogo vidogo kuna gharama na Mangi naye lazima ale. Kinachoniuma ni kwamba mnunuzi haijui tofauti yenyewe. Anachoona ni mia tano tu. Na wanaotengeneza matangazo wanamjua vizuri: ametoka alfajiri, karudi usiku, mtoto mgongoni, hana nafasi ya kugawanya shilingi kwa gramu dukani. Ndiyo maana bei inachapwa kubwa mbele na gramu zinafichwa nyuma karibu na mshono. Gramu zikipunguzwa bei ikabaki ile ile, nani atagundua?

Nchi yetu Tanzania si ngeni kwa mambo haya. Wakala wa Vipimo unapambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa sababu mkulima anapunjwa gunia likizidi kilo 100. Safi kabisa. Basi mlaji anayepunjwa kwenye pakiti ya gramu chache alindwe kwa nguvu ile ile. Hata bei elekezi za sukari za mwaka 2024, sukari ilipoadimika, zilitajwa kwa kilo, wakati uswahilini watu wananunua robo na nusu robo.

Ulaya waliagiza tangu 1998 kwamba bidhaa ioneshwe bei yake pamoja na bei ya kilo au lita. Ufaransa, kuanzia Julai 2024, maduka makubwa yanatakiwa kubandika tangazo pale kampuni inapopunguza ujazo huku bei ya kipimo ikipanda. Bidhaa hazijakatazwa, mnunuzi ameambiwa ukweli tu.

Kuna watakaosema tupige marufuku moja kwa moja kama viroba vilivyofutwa Machi 2017. Sikubaliani. Kiroba kilikuwa pombe kali ya kwenye vipakiti iliyofika hadi mikononi mwa wanafunzi. Sabuni na mafuta ya kupikia ni mahitaji. Ukiviondoa vya mia tano, mwenye elfu tatu mfukoni utakuwa umemfungia duka.

Panaponipa shida ni kwa Mangi. Kiwandani kuchapa bei ya kilo si kazi, na supamaketi inaweza kubandika kibao kwenye shelfu. Lakini mafuta ya kupima na sukari ya kufunga kwenye gazeti? Mimi ningeanza na vikombe vilivyohakikiwa na Wakala, bila kumtoza Mangi hata senti, kwa sababu gharama ikimwangukia yeye itaishia kwa mteja yule yule. Wenye maduka mliomo humu, hilo linatekelezeka?